Zamu za Miezi Mitatu

“Kabla hujajibu, rudia kwanza alichosema mwenzako,” msuluhishi alisema, kwa mara ya nne mchana ule.

Kaka alishusha pumzi. “Amesema natafuta visingizio.”

“Hayo ndiyo uliyoyasikia. Rudia aliyoyasema.”

“Amesema... kila akinipigia, mimi niko safarini.”

“Haya. Sasa jibu.”

Miaka thelathini na moja ya kupatanisha watu ilikuwa imemwachia msuluhishi mgongo mbovu na daftari nyingi. Alikuwa ameketi na wanandoa waliorushiana sahani, walimu na wazazi, mafundi na mabosi wao, hata majirani waliogombea ukuta wa choo kwa miaka sita na kutoka wakiwa marafiki wa kuchosha mtaa mzima. Wote aliwapitisha kwenye kanuni zake zilezile. Mezani hakuna undugu. Kuna upande wa kwanza na upande wa pili. Anayezungumziwa huitwa mhusika, basi, maana watu wakishaanza “mke wangu”, “mtoto wangu”, machozi huingia na akili huaga. Na mhusika hasemi kitu mpaka pande zote mbili zishindwe kabisa kuelewana.

Leo upande wa kwanza alikuwa kaka, mpima ardhi, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la kazini. Upande wa pili alikuwa dada yake, fundi cherehani, aliyekuja na sindano imechomekwa kwenye kola. Mhusika alikuwa mzazi wao aliyebaki. Alianguka bafuni miezi miwili iliyopita, na daktari alisema asiishi tena peke yake. Swali lilikuwa moja: akae kwa nani? Kila mmoja alitaka mwenzake amchukue, na kwa ajili hiyo hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya hospitali. Walichokubaliana ni kimoja tu, kwamba awasuluhishe huyu na si mwingine.

“Anaacha jiko linawaka,” kaka alisema. “Mimi siku nne kwa wiki nalala porini na vipimo vyangu. Nani atalizima?”

“Mara ngapi?” msuluhishi aliuliza.

“Jiko? Mara mbili.”

Kalamu ilisita kidogo, kisha ikaandika: mara mbili.

“Na kwangu je?” dada alidakia. “Watoto watatu chumba kimoja, cherehani sebuleni. Wiki ile alipotoka hospitali nilikaa naye. Alfajiri yuko jikoni anapanga sufuria zangu upya. Jambo moja ananiuliza mara tano. Nikimjibu kwa ukali naumia mimi, nikinyamaza anaumia yeye.”

“Sema lililo chini ya hayo,” msuluhishi alimwambia.

Dada aliinamisha kichwa. “Nampenda. Lakini nimechoka kabla hata hajaja. Simu yake ikiita moyo unanishtuka, halafu najichukia siku nzima.”

Msuluhishi aliitazama karatasi yake muda mrefu. Ingekuwa rahisi kuahirisha hapo, kusema tukutane wiki ijayo. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Lakini kumwacha mtu katikati ya neno kama lile ni uzembe, na uzembe hakuwahi kuuvumilia kwa yeyote.

“Upande wa kwanza,” alisema. “Rudia.”

Kaka alianza kujivutavuta sikio. Msuluhishi aliliona hilo, akajua neno la kweli liko karibu, akangoja.

“Anampenda,” kaka alisema taratibu. “Lakini amechoka kabla hata hajaja. Simu ikiita...” Akamgeukia dada yake. “Hata mimi. Nikiona namba yake nailaza simu kifudifudi. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye roho mbaya.”

Dada alicheka huku akilia. “Kumbe tuko wawili.”

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Miezi mitatu kwa dada, miezi mitatu kwa kaka, na zamu ya kaka ikifika ataomba viwanja vya karibu na mjini. Mhusika hatagusa jiko. Nyumba yake itafungwa na funguo atakaa nazo kaka. Zamu ya dada ianze leoleo, kwa kuwa gari lipo.

Msuluhishi aliandika yote kwa mwandiko ulionyooka. Hatagusa jiko. Funguo atakaa nazo kaka. Aliona fahari, wala hakuificha, maana wale wawili walikuwa wameshikana mikono juu ya meza na hakuna aliyelitarajia hilo asubuhi. Chini ya fahari hiyo kulikuwa na huzuni. Aliiacha palepale, akaendelea kuandika.

Zikabaki sahihi. Kaka akatia, dada akatia, msuluhishi akatia. Mwisho kabisa wa fomu kulikuwa na mstari mmoja mtupu, wa maoni ya mhusika. Dada aliuona, akaingiwa na wasiwasi.

“Na hapa?”

“Pande zimeshakubaliana,” msuluhishi alisema. “Hapo huwa najaza mimi.”

Akaandika: Hana pingamizi.

Kaka alisimama, akazunguka meza, akamshika msuluhishi kiwiko kumsaidia kuinuka.

“Ahsante, Mama,” alisema. “Twende chumbani kwako tukufungashie nguo zako kabla giza halijaingia.”