Mama Anaita Mahameni

"Ukimwitikia marehemu ndotoni unamfuata. Hilo hulijui?"

"Nalijua, dada Zita. Lakini nisipolala nakufa vilevile. Jana nimeanguka shambani na jembe mkononi, watu wakacheka, wakadhani nimelewa."

"Bora wacheke. Usilale."

Usingizi ulinichukua palepale, mchana kweupe, nimeegemea ukuta na yeye bado ananigombeza.

Nikajikuta mahameni, kwetu kwa zamani. Nikajua naota, maana nyumba ilikuwa na paa. Paa lile nililibomoa mwenyewe wakati wa Operesheni Vijiji, mgambo wamesimama nyuma yangu. Tulipakiwa kwenye lori haraka, hata kaburi la mama hatukuliaga.

Mama alikuwa mlangoni, unga wa ulezi umempanda mpaka viwikoni. Akaita jina langu.

Kila siku hapo huwa nakimbia. Miguu ikataka kukimbia tena. Nikajiambia, hii ndoto ni yako, simama. Mkojo ukanitoka, nikasimama hivyohivyo.

"Naam, mama."

Akawa anapangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka nikaiona ile kucha yake ya gumba iliyopasuka.

"Nawaita, hakuna anayejibu," akasema. "Mmekwenda wapi?"

"Walituhamisha, mama. Tuko kijiji kipya, barabara ya Namanyere. Nyumba ya mwisho, karibu na shule."

Akaitazama njia. Akachukua ungo wake, akanigeuzia mgongo, akaanza kwenda huko.