Hatujambo

Siku hizi anayemlelea mgonjwa chembe za kinga, wale askari wa damu, ndani ya bandama yake mwenyewe husalimiwa kwa wingi, "hamjambo" badala ya "hujambo". Mwanamvua aliwalea wa mumewe, Kibwana, aliyeugua saratani ya damu. Kibwana alipofariki, askari wake walibaki kwa mkewe, na salamu ikabaki vilevile.

Mlango wa nyumba, uliounganishwa na mtandao wa kliniki, humsalimu kila arudipo. "Hamjambo?" Akijibu "Hatujambo," hufunguka. Akiitikia visivyo, haufunguki. Hana mwingine wa kumsalimu.

Leo muuguzi Tausi alimtoa damu, akapitisha kipimo ubavuni kushoto, ilipo bandama, akarudia. Kisha akakifuta taratibu bila kumtazama.

"Wanaendeleaje?" Mwanamvua akauliza.

"Majibu yatatumwa. Nenda ukapumzike, mama."

Siku zote Tausi husema "mkapumzike." Mwanamvua akaona ulimi umeteleza tu. Njiani akanunua maandazi mawili ya moto, lake na la Kibwana.

"Hujambo?" mlango ukauliza.

Mwanamvua akashika ubavu wake wa kushoto.

"Hatujambo," akajibu.

Mlango haukufunguka. Ukauliza tena, kwa sauti ileile ya upole, naye akajibu vilevile, mpaka maandazi yakapoa.