Mwiko wa Tunu

Siku hizi mtoto ambaye mshipa wake wa kusikia unachelewa kujibu kwenye kipimo anavishwa kidude nyuma ya sikio. Mjukuu wangu Tunu kavishwa, maana masikio yake yote mawili yanatoka usaha tangu hajaota meno, na sauti inachelewa kufika kwenye mshipa. Anasikia vizuri, sikatai. Ila kidude kinageuza sauti za watu wote kuwa moja, ya kike, safi, isiyokohoa.

Leo tukila akaniuliza, "Ni wewe, Bibi, au ni mwalimu?"

Nikakivua, nikakizika kwenye debe la unga. Nikampa mwiko wa ugali aung'ate mpini, upande wa pili nikaubana kidevuni kwangu, nikaimba. Mfupa hauna usaha, unapitisha sauti.

Tunu akacheka. "Bibi, una sauti mbaya."

"Mbaya, lakini yangu, mke mwenzangu."

Kidude kikivuliwa kinaita chenyewe kwenye ofisi inayovigawa. Bwana Shekifu wa ofisi hiyo alishanionya kwamba nikirudia, mtoto anapelekwa bwenini. Sasa yuko mlangoni, anapiga hodi. Tunu hasikii. Mimi nasikia, na nimeingia ubeti wa pili.