Kivuli Hakitupi Udongo

Siku hizi mfiwa hasafiri. Serikali husafirisha kivuli chake tu. Masanja, raia aliyekuwa mpishi wa jeshi, alifia ng'ambo, ikaamuliwa azikwe huko huko, na mama yake, Bi Nyamizi, akaitwa wizarani. Alipokwisha kupigwa picha, karani akamwambia:

“Kivuli chako kitasimama kaburini, mama. Hata machozi kitatoa.”

“Na udongo, kitatupa?”

“Hakiwezi, mama. Ni picha ya mwanga tu.”

“Basi nirudishieni mwanangu.” Bi Nyamizi akatandika khanga yake sakafuni, akakaa. “Matanga ni hapa hapa. Sinyanyuki mpaka aje.”

Kwenye skrini ya ukutani, kivuli chake kilikwishafika makaburini, kikiishukuru serikali kwa sauti ya Bi Nyamizi mwenyewe.

“Mwongo wewe!” akakifokea.

Akaangua kilio, mpaka kivuli kikanyamaza, kikageuka, kikamtazama.