Kishungi na Umbea wa Kuku

Palitokea kuku mwoga, jina lake Kishungi, aliyemganda Bi Mbuzi kama kupe. Mbuzi akila, yupo ubavuni. Akilala, yuko mgongoni. Kuku wenzake aliwaona kwa mbali tu, akawaogopa.

Bi Mbuzi alichoka kuwa kitanda cha mtu. Akamwambia, "Mwanangu, nahisi wale kuku wananisengenya. Nenda ukanisikilizie."

Kishungi aliingiwa na hofu, lakini kwa ajili ya Bi Mbuzi angeingia hata motoni. Akaenda kujikunyata kando ya kuku waliokuwa wakioga vumbi, akatega sikio.

Jioni akarudi. "Leo wamemsema jogoo tu."

"Basi kesho rudi," akasema Bi Mbuzi, akificha kicheko.

Kesho yake Kishungi akaenda tena kwa kuku, na jioni hakurudi kwa Bi Mbuzi. Bi Mbuzi akalala mgongo mwepesi, na usingizi ukamkataa. Kulipokucha akaivuta kamba aliyofungwa, kuelekea kwa kuku, mpaka ikamkaba shingo.

"Kishungi, mwanangu, wanasemaje juu yangu?"

Kishungi akajikung'uta vumbi katikati ya wenzake.

"Tulia, Bi Mbuzi," akajibu. "Bado tunamsema bata. Wewe hatujakufikia."