Mikoba Sita

"Dada, tushikie kidogo," walisema wadogo zangu, wakanitundikia mikoba yao sita kana kwamba mimi ni msumari, wakapanda mnara wa kuongozea meli. Miaka mitano hatujakutana, na katika matembezi ya leo nimeona milango tu: wa makumbusho, wa ngome, na sasa huu.

Mikanda ilikuwa imenichora mistari mkononi.

"Mama, mbona tiketi yako haijachanwa?" akauliza mlinzi.

Nilikuwa nazo tatu, zote nzima.

Nikamrundikia mikoba mezani. "Nishikie kidogo, baba."

Nikapanda, goti likinilalamikia. Katikati nikakutana nao wakishuka. Ngazi ile haipitishi watu wawili.

"Dada, geuka basi, tushuke tukale."

Nikashika ukuta, nikavuta pumzi.

"Rudini juu."