Nyumba Iliyo Kando ya Tangi

Mhandisi aliweka ufunguo wa nyumba mezani, katikati ya makabrasha ya wauzaji watatu, akawatazama kama mtu anayetazama inzi ndani ya chai.

Mitambo yake ya upepo ilizalisha umeme mwingi kuliko uliohitajika. Wa ziada ulipotea bure, na hawa walikuja kumuuzia njia ya kuugeuza mafuta, yakae tangini mpaka siku upepo utakapotulia.

“Haidrojeni ikiungua inatoa maji tu,” alianza wa kwanza, tai imemkaba shingo.

“Na inapenya hata tundu usiloliona. Wa pili.”

“Amonia, mama, kuihifadhi ni rahisi—”

“Ikitoroka, mtaa mzima unakohoa damu. Na wewe?”

Wa tatu alikuwa na sauti ya kubembeleza. “Methanoli haihitaji kugandamizwa. Inatulia tangini kama maji ya kunywa.”

“Ila ukiinywa unapofuka. Na moto wake mchana huuoni mpaka ukuunguze.” Mhandisi akacheka kwa pua. “Nyote mnasifia mlichosoma njiani. Haya. Hatua hamsini kutoka kwenye tangi nimejenga nyumba. Atakayepata kazi hii, watu wake wa nyumbani watakaa humo miaka mitano. Bure.”

Wa kwanza alikumbuka ghafla kwamba wanawe wana pumu. Wa pili alisema ngoja amuulize mkewe. Akatoka na simu sikioni, asirudi.

“Madebe matupu,” alisema mhandisi.

Wa tatu alikuwa ameshaushika ufunguo. “Mama, kama mimi siiamini bidhaa yangu, nani ataiamini? Tangi likijaa tu, tunahamia.”

Mhandisi alimkagua usoni, akitafuta uongo. Hakuuona. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimpa mtu mkono, na mkataba ukasainiwa kabla chai haijapoa.

Asubuhi baada ya tangi kujazwa, lori la mizigo lilisimama mbele ya ile nyumba. Mhandisi alivuka uwanja mwenyewe kwenda kuikaribisha familia. Dereva alishusha kitanda kimoja, kiti kimoja, kisha akamshika mkono bibi mmoja, akamteremsha taratibu.

“Karibu, mama. Wenzako wako nyuma?”

“Wenzangu gani, mwanangu?” Bibi alitabasamu, akiiweka kanga yake vizuri mabegani. “Mimi ni mama mkwe wake. Yule kijana ana moyo jamani! Kanipa nyumba nzima, nikae peke yangu.”